Waraka Ni Amana ya Nani?

Waswahili husema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Methali hii aghalabu hutolewa kumliwaza msafiri na jamaa zake, na kwa kazi hiyo inatosha. Lakini limo ndani yake jambo jingine lisilotajwa sana. Watu wawili wakisemezana faraghani, neno huishia masikioni. Likitoka nje, hutoka kwa kinywa cha mmoja wao, na mwenzake aweza kulikana. Waraka haukanwi kwa urahisi hivyo. Una mkono wa mwandishi, una tarehe, una jina la aliyepelekewa, na aghalabu huishi baada yao wote wawili. Kwa hivyo nusu hiyo ya kuonana ina hatari isiyokuwamo katika kuonana kwenyewe. Amwandikiaye rafiki yake humkabidhi kitu ambacho kikitumiwa vibaya chaweza kumvunjia heshima, usuhuba na hata cheo; na kitu cha namna hiyo kwa Kiswahili huitwa amana.

Hapo ndipo huzuka swali. Amana ya fedha ina mwenyewe mmoja, naye ni yule aliyeiweka; aliyepokea ni mlinzi tu. Amana ya waraka je? Karatasi ni ya aliyepelekewa, maana amepewa. Maneno ni ya aliyeandika, maana ni fikira zake. Na mwandishi akiwa mtu mwenye dola mkononi, huenda maneno yale yakawa yanawahusu maelfu ya watu wasiojua hata kuwa yameandikwa. Nani kati ya hao ana haki ya kusema waraka ufungwe, na nani ana haki ya kusema ufunguliwe? Wanasheria wana majibu yao, nayo yahusu mali na fidia. Swali la wema na ubaya ni jingine. Mahali pazuri pa kulipima ni Marekani ya miaka 50 ya kwanza, ambako waasisi wa dola walikuwa wachache, walijuana, waliishi mbalimbali, na sehemu kubwa ya siasa yao waliifanya kwa kalamu.

Kutoka Quincy katika Massachusetts, alikokaa John Adams, hata Monticello katika Virginia, nyumbani kwa Thomas Jefferson, ni zaidi ya maili 500. Barua ilikwenda kwa farasi na kwa gari la kukokotwa, ikapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika. Sheria ya posta ya mwaka 1792 iliwakataza watumishi wa posta kufungua barua za watu, lakini sheria haikumpa Jefferson usingizi. Katika miaka ya mwisho ya karne ile, vyama vilipokuwa vimekamiana, aliwaonya rafiki zake juu ya posta, akatumia maandishi ya fumbo, na pengine akaacha kutia sahihi chini ya barua zake. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo alitunza nakala ya takriban kila alichoandika. Kwanza alitumia mtambo wa kubana karatasi mbichi juu ya wino. Kisha, tangu mwaka 1804, mashine ya kalamu mbili, ambayo mkono ukiandika kwa kalamu moja, ya pili huandika maneno yaleyale pembeni. Tangu mwaka 1783 mpaka alipofariki aliandika katika daftari orodha ya barua zilizotoka na zilizoingia. Adams naye alikuwa na madaftari yake ya nakala.

Basi watu hawa walinong'ona na papo hapo wakaweka kumbukumbu ya mnong'ono wao. Msomaji mwepesi wa hukumu atasema kuwa huo ni unafiki. Yaelekea si hivyo. Waliwaogopa watu wa zama zao na wakawaamini wajukuu. Waliona kwamba neno ambalo leo ni silaha mkononi mwa adui, kesho litakuwa historia mkononi mwa msomi. Dhana hiyo haikosi ukweli, ila yaacha kando swali la nani atakuwa ameumia katikati ya leo na kesho.

Yafaa kuanza na waraka ambao haukufika. Mwaka 1796 George Washington alikataa kusimama kwa kipindi cha tatu, na wateule walipopiga kura Adams alipata 71, Jefferson 68. Kwa katiba ya wakati ule mshindi wa pili ndiye aliyekuwa Makamu wa Rais. Hivyo wapinzani wawili wakawa watumishi wa serikali moja. Walikuwa marafiki wa zamani. Mwaka 1776 walikuwa pamoja katika kamati ya kutunga Azimio la Uhuru. Baadaye walikuwa mabalozi Ulaya, na nyumba zao zilizoeana. Tarehe 28 Desemba, kabla kura hazijahesabiwa rasmi, Jefferson alimwandikia Adams. Alimwambia kwamba magazeti yamejitahidi kuwagombanisha wao wawili. Kwamba yeye hakupata kushuku wala kutamani matokeo mengine. Kwamba hana hamu ya kutawala watu, na afadhali yake ni kulala usingizi mwema kati ya jirani zake na mashamba yake. Alimtahadharisha juu ya hila za Alexander Hamilton wa New York, akamwombea aiepushe nchi na vita.

Kama Jefferson angaliufunga waraka ule na kuutia posta, pasingalikuwa na la kusimulia. Hakufanya hivyo. Aliupeleka wazi kwa James Madison, rafiki yake wa siasa, akamwachia hiari ya kuufikisha au kuuzuia. Madison aliusoma, akafikiri, na tarehe 15 Januari 1797 akajibu kwamba ameona heri kuuzuia, akaeleza sababu zake moja baada ya moja. Adams, alisema, anajua tayari kuwa Jefferson anamtakia mema. Mwendo wa waraka wenyewe una uzito fulani, kana kwamba mwandishi alitaabika. Maneno ya kudharau utawala yaweza kuwaudhi waliohangaika kumpigia Jefferson kura. Na sababu iliyo nzito kuliko zote: huenda siku moja ikalazimu kuipinga serikali ya Adams, na siku hiyo itakuwa balaa ikiwa Adams ana mkononi karatasi ya Jefferson iliyojaa sifa na imani.

Sababu hii ya mwisho yataka kutazamwa vizuri, kwa kuwa imefunua jinsi waraka wa mapenzi unavyoonekana machoni pa mwanasiasa. Madison hakusema kwamba maneno yale ni uongo. Alihofu kwamba ni kweli, na kwamba kweli ikiandikwa haiondoki hata siasa ikigeuka. Kwa hekima ya dunia shauri lake halina dosari, na miaka iliyofuata ilithibitisha alilolitabiri, maana upinzani ulikuja, tena mkali. Wala haiwezekani kumshitaki kwa hiana: aliruhusiwa. Kosa, ikiwa lipo, lilitangulia kwa Jefferson mwenyewe. Alipoupitisha mkono wa tatu waraka wa rafiki kwa rafiki, aliutoa katika mlango wa usuhuba akauingiza katika mlango wa chama. Alitaka kumpenda Adams, ila kwanza apate ruhusa. Adams aliingia katika miaka minne migumu ya urais wake bila kuusoma.

Mwaka uleule barua nyingine ya Jefferson ilifika mbali kuliko alivyopenda. Aprili 1796 alikuwa amemwandikia Philip Mazzei, jirani yake wa zamani aliyerudi Italia, akilalamika kwamba watu waliokuwa mashujaa vitani na wenye busara barazani sasa wamenyolewa nguvu zao na Uingereza. Mazzei alishindwa kujizuia akawaonyesha wengine. Waraka ulitafsiriwa kwa Kiitaliano, kisha kwa Kifaransa na kuchapwa Paris, kisha ukarudishwa katika Kiingereza na kutokea katika gazeti la New York mwezi Mei 1797. Katika safari hiyo neno lililokuwa na maana ya taratibu na sherehe za kifalme likageuka kuwa namna ya serikali yenyewe, na shutuma ikawa kubwa kuliko ilivyoandikwa. Kila mtu aliona kwamba Washington ndiye aliyelengwa. Jefferson aliwauliza rafiki zake afanyeje. James Monroe alimshauri akiri hadharani, Madison akamshauri anyamaze, akanyamaza. Kukiri kungalimlazimu kueleza kila neno, na kukana kungalikuwa uongo. Tangu hapo hakuna barua inayojulikana iliyopita kati yake na Washington mpaka Washington alipofariki Desemba 1799. Na aliyesababisha yote hayo hakuwa adui, bali rafiki aliyempenda na kumwonea fahari.

Uchaguzi wa mwaka 1800 ulimtoa Adams na kumweka Jefferson. Alfajiri ya tarehe 4 Machi 1801 Adams aliondoka Washington bila kungoja kumwona mrithi wake akiapishwa, na ukimya ukashuka kati yao. Ulivunjwa mara moja tu, tena na mwanamke. Aprili 1804 binti mdogo wa Jefferson, Mary, alifariki. Abigail Adams, mkewe John, alikuwa amempokea mtoto huyo London mwaka 1787, alipotoka Virginia akiwa na umri wa miaka 8. (Aliyemsindikiza baharini alikuwa msichana mtumwa wa miaka 14, Sally Hemings, ambaye barua za wakubwa zilimtaja kwa maneno machache tu, kama mzigo mmojawapo wa safari.) Huzuni ilimshinda Abigail akaandika rambirambi bila kumwambia mumewe. Jefferson alijibu kwa shukrani, lakini hakuweza kujizuia kugusia kidonda cha siasa, na Abigail hakuwa mtu wa kuguswa akanyamaza. Alimkumbusha fedha alizompa James Callender, mwandishi aliyemtukana Adams magazetini, Callender ambaye baadaye alimgeukia Jefferson mwenyewe na kutoa hadharani barua zake. Jefferson akajibu kwamba fedha zile zilikuwa sadaka kwa mhitaji. Msomaji wa leo ataona kwamba hapa Abigail ana haki. Oktoba aliifunga mazungumzo. Mwezi uliofuata alimpa mumewe nakala zote azisome, na Adams akaandika chini yake kwamba mambo yale yalianza na kuendelea bila yeye kujua wala kushuku, na kwamba hana la kusema juu yake kwa wakati ule na mahali pale. Hakukaripia wala hakujibu. Katika maisha ya Adams, mtu aliyekuwa mwepesi wa hasira, mistari ile michache ni ushindi usioimbwa.

Waliowapatanisha walikuwa wawili. Mmoja ni Benjamin Rush, tabibu wa Philadelphia, aliyetia sahihi Azimio la Uhuru pamoja nao, ambaye kwa miaka kadhaa aliwabembeleza wote wawili kwa barua. Mwaka 1809 alimsimulia Adams ndoto ambamo marafiki wale wa zamani walipatana. Wa pili ni kijana wa Virginia, Edward Coles, karani wa Rais Madison na jirani ya Jefferson. Mwaka 1811 alimzuru Adams Quincy, na katika maongezi mzee akasema kwamba alimpenda Jefferson siku zote na bado anampenda. Neno hilo lilipofika Monticello likawa limetosha. Jina la Coles litarudi mbele, na msomaji aliweke.

Tarehe 1 Januari 1812 Adams alimwandikia Jefferson waraka mfupi, akimwarifu kwamba anamletea vipande viwili vya kitambaa kilichofumwa nyumbani. Ulikuwa mzaha. Vitambaa vyenyewe vilikuwa vitabu viwili vya mihadhara ya mwanawe, John Quincy. Waraka ulitangulia, furushi likachelewa, na Jefferson akajibu kwa kurasa za maneno mazito juu ya ufumaji wa nyumbani katika Virginia, idadi ya mashine za kusokotea na faida ya pamba na sufu. Hapo hapana budi kucheka kidogo. Na Adams, hapana shaka, alicheka. Kuanzia siku hiyo mpaka mwaka 1826 barua 158 zilipita kati yao, 109 za Adams na 49 za Jefferson. Waliandikiana juu ya dini, Wagiriki, uzee, huzuni, na kama mtu angekubali kuyaishi tena maisha yake tangu mwanzo. Adams alimwambia mwenzake kwamba haifai wafe kabla hawajajieleza mmoja kwa mwingine.

Kujieleza huko kulitishwa mara kwa mara na karatasi za zamani. Mwaka 1813 Adams alikuta katika kitabu kilichochapwa London barua ambayo Jefferson alimwandikia mwanachuoni Joseph Priestley mwaka 1801, yenye maneno makali juu ya serikali ya Adams. Adams akataka maelezo. Jefferson akaeleza, akasikitika kwamba waraka wa siri umetolewa hadharani. Mwaka 1815 Jefferson alimwandikia Adams kwa hasira kwamba mchapaji mmoja amethubutu kuomba ruhusa ya kuchapa barua zao wao wawili, kana kwamba watu hao wana haki juu ya kila kitu, kiwe siri au kitakatifu.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1823, na safari hii aliyeumbuliwa alikuwa Adams. Kati ya mwaka 1803 na 1812, hasira zake zikiwa bado mbichi, alimwandikia jamaa yake William Cunningham mambo mengi machungu juu ya Jefferson, kwa sharti kwamba hayatatolewa maadamu yeye Adams yu hai. Cunningham alipofariki mwaka 1823, mwanawe alizichapa barua zote. Sababu haikufichika. John Quincy Adams alikuwa akiutafuta urais katika uchaguzi wa mwaka 1824, na mtoto hupigwa kwa fimbo ya baba. Adams alikuwa na umri wa miaka 87. Macho yake hayakuweza tena kusoma. Na yule aliyetukanwa katika kurasa zile ndiye rafiki wa uzee wake.

Tarehe 12 Oktoba Jefferson aliandika. Alisema kwamba ameona vipande vya barua hizo magazetini, na kwamba havimbadilishi. Maneno yale yaliandikwa kwa siri na katika siku za uchungu. Ingekuwa ajabu watu wa umri wao warudi nyuma nusu karne kutafuta cha kuwaharibia machweo. Alimwomba rafiki yake alitupe jambo hilo nje ya fikira zake. Barua ilipofika Quincy Adams alikuwa mezani kwa kifungua kinywa na jamaa zake. Aliwaambia kwamba anajua maana yake kabla haijafunguliwa, kwamba hapana siri kati yake na Jefferson, na kwamba waisome wao, kwa kuwa yeye hawezi. Wakaisoma, wakashangilia kwa pamoja, wakasema kwamba hapajapata kuandikwa barua bora kuliko hiyo. Kisha wakasema wote kwamba lazima ichapwe. Adams akakataa. Haitachapwa, alisema, bila idhini ya Jefferson mwenyewe.

Katika habari yote hii hakuna mahali ambapo maana ya amana imeonekana wazi kama pale. Mzee aliyevunjiwa siri yake mbele ya taifa anapewa karatasi ambayo ikichapwa itamwokoa yeye, na huenda ikamsaidia mwanawe kupata urais. Tena karatasi hiyo haina neno hata moja la kumdhuru mtu. Anaikataa, kwa sababu maneno si yake. Hapa jibu la swali laonekana limepatikana: karatasi ni ya mpokeaji, neno ni la mwandishi, na mpokeaji mwema hulilinda neno hata kwa hasara yake. Mwana wa Cunningham alihini; Mazzei alizembea; Adams alitimiza.

Laiti jambo lingaliishia hapo. Lakini yule mwenye haki wa tatu, mtu anayezungumzwa warakani asiwe na nafasi ya kusema, bado hajasikizwa, na bila yeye hesabu imepungua.

Tarehe 19 Agosti 1791 Benjamin Banneker wa Maryland, mtu mweusi aliye huru, aliyejifunza hisabati na elimu ya nyota kwa jitihada yake, alimwandikia Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Alimpelekea hati ya kalenda aliyoitunga kwa mwaka 1792, akamkumbusha maneno aliyoyaandika mwenyewe katika Azimio la Uhuru, akamwambia bila kuficha kwamba anawashika ndugu zake Banneker kwa nguvu katika utumwa. Jefferson alijibu tarehe 30 Agosti kwa adabu kubwa: hapana atamaniye zaidi yake kuona ushahidi kwamba ndugu hao weusi wamejaliwa vipaji sawa na watu wengine, na kalenda ameipeleka kwa Condorcet, katibu wa Chuo cha Sayansi cha Paris. Mwaka uliofuata barua hizo mbili zilichapwa pamoja Philadelphia. Miaka 18 baadaye, Oktoba 1809, Jefferson alimwandikia mshairi Joel Barlow kwa faragha. Humo alisema kwamba Banneker alikuwa na akili ya kawaida tu, na kwamba huenda alisaidiwa katika hesabu zake. Banneker alikuwa amefariki mwaka 1806.

Je, kuchapwa kwa barua ya mwaka 1791 kulivunja amana? Kwa sheria ya Adams mezani jibu ni ndiyo, maana maneno ya mwandishi yalitangazwa. Hata hivyo moyo wa haki hukataa kutoa hukumu hiyo. Aliyeandika alikuwa waziri, amiri wa watu waliofungwa. Aliyeandikiwa alisema kwa niaba yao. Na jambo lililozungumzwa halikuwa siri ya moyo wa Jefferson, bali hali ya watu wengine. Kuna siri imlindayo mwandishi, na kuna siri inayoficha kile ambacho mwandishi amekwisha kuwahukumia watu wasiokuwapo. Ya kwanza ni amana. Ya pili huvaa nguo za amana. Waraka kwa Barlow ni wa aina hiyo ya pili: adabu imewekwa mbele ya macho, dharau imewekwa faraghani, na aliyedharauliwa yumo kaburini.

Itasemwa kwamba mlango huu ukifunguliwa hautafungika. Kwamba mwana wa Cunningham naye angalidai kuwa wapiga kura wana haki ya kujua. Hoja hiyo ni ya kweli, wala haina dawa kamili. Ila yapo ya kutofautisha. Mwana wa Cunningham alivunja ahadi iliyotamkwa, akaivunja majira ya uchaguzi, na maneno aliyoyatoa yalimhusu Jefferson, aliyekuwa na kalamu, jina na njia za kujitetea kuliko mtu yeyote katika nchi. Watumwa hawakuwa na hata kimoja katika hivyo.

Edward Coles, kijana yule aliyelichukua neno la mapenzi kutoka Quincy, aliujaribu mlango huo kwa upande wa ndani. Tarehe 31 Julai 1814 alimwandikia Jefferson, akimsihi atumie heshima yake kuiongoza Virginia katika kuwaachia watumwa huru, na kumwarifu kwamba yeye mwenyewe ameazimu kutoka katika jimbo hilo pamoja na wale aliorithi. Jefferson alijibu tarehe 25 Agosti. Alisema kwamba utumwa ni aibu, na kwamba saa ya ukombozi yaja. Lakini kazi hiyo ni ya vijana, yeye ni mzee, hana silaha nyingine ila sala. Akamshauri Coles asiondoke. Coles alimkumbusha kwamba Benjamin Franklin aliifanya kazi hiyo katika uzee wake mkubwa. Jefferson hakubadili shauri. Mtu uleule, basi, aliwahi kupitisha habari mbili kwenda Monticello. Iliyohusu urafiki wa wakubwa wawili ilizaa barua 158.

Na ndani ya barua hizo 158 utumwa umeguswa mara chache sana. Mgogoro wa Missouri ulipokuwa umeitikisa nchi, Jefferson aliugusia Januari 1821, na Adams alijibu Februari kwamba kwa nusu karne ameuona utumwa umetanda juu ya nchi kama wingu jeusi, lakini siku zote aliwaambia mabwana wa Kusini kwamba jambo hili linamshinda, na ni juu yao. Adams hakupata kumiliki mtumwa. Alijua alichokuwa akikiona. Na aliyemwandikia alimiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake yote. Wazee walioahidiana kujieleza kabla ya kufa waliliacha hili. Yumkini walijua kwamba urafiki wao haungeweza kulibeba, na kila mmoja akamlinda mwenzake. Ulinzi huo ulikuwa mwema kwao.

Walifariki siku moja, tarehe 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu Azimio. Jefferson aliacha madeni makubwa. Barua zake na nakala zake alirithi mjukuu wake, Thomas Jefferson Randolph, aliyechapa sehemu yake mwaka 1829 katika vitabu vinne. Januari 1827 watu wa Monticello walinadiwa. Tangazo liliwataja 130. Wosia uliwaachia huru watano, mmoja wao Joseph Fossett, mhunzi. Mkewe Edith na watoto wao hawakuwamo, wakauzwa kwa wanunuzi mbalimbali. Mtoto wao mmoja, Peter, alikuwa na umri wa miaka 11. Mbele ya bwana wake mpya ilikuwa marufuku kwake kushika kitabu. Alijifunza kusoma na kuandika kwa siri, na alipojua kuandika alikaa usiku akiwaandikia watumwa wenzake vyeti vya safari, kwa jina na mkono usio wake, wapate kuvionyesha njiani na kukimbia. Hakuweka nakala. Mwaka 1898, akiwa mchungaji mzee wa kanisa huko Cincinnati, kumbukumbu zake zilichapwa katika gazeti la New York, kwa idhini yake.